Nilijaribu kumlazimisha msichana wa Kimaasai ataje jina la babu yake aliyekufa

Wakuu, hamjambo. Hii nitaisema vile ilitokea, hata pale inaniaibisha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Kitengela kutoka Uingereza na diploma ya fasihi ya enzi za kati. Watu wakacheka.

"Mkamba mzima kusomea mashairi ya wazungu waliokufa! Hata kibarua ya kuchimba mawe Kiserian hutapata."

Niliosha sahani miaka minne kulipa karo. Sikusaidiwa na mtu. Na chuo kimoja Kajiado wakanipa kazi. Wacheke sasa.

Nilifundisha hadithi za watu wa mipakani. Kuna shairi moja la kale la watu wa milimani waliopigana na majirani zao, karibu lote ni majina ya waliouawa. Nikaandika assignment ubaoni: leteni majina ya watu wa kwenu waliokufa kwa vita vya ng'ombe, Wakamba na Wamaasai. Tutasoma kwa sauti.

Wakamba walisoma kwa mbwembwe. Kwetu jina la marehemu anapewa mjukuu, linaitwa kila siku.

Ikafika kwa Naserian, msichana wa Kimaasai. Akafunga daftari.

"Soma."

"Siwezi, mwalimu."

"Hii ni darasa, si kwa mama yako. Soma ama utoke!"

Akatoka. Wamaasai wote wakamfuata.

Kesho yake baba yake akaja. "Mwalimu, kwetu mtu akienda, jina lake haliitwi tena. Ulitaka mtoto wangu amwite babu yake kama mbuzi?"

Principal akaniambia niandike barua ya kuacha kazi.

Hapa ndipo hasira yangu iko mpaka leo. Huyo principal ameoa Umaasaini, huo mwiko aliujua! Siku ile naandika assignment alipita, akasoma ubao wangu, akatabasamu, akaenda chai. Staffroom nzima ilijua. Walingoja tu msomi wa ng'ambo aanguke.

Barua sikuandika. Nilimwomba mzee, baba yake Naserian, aje darasani, na mbele yake nikamwomba Naserian msamaha. Nikamuuliza, nyinyi mnawakumbuka aje?

Akasimama. "Mwenye ng'ombe mweusi wa pembe moja. Baba wa mapacha. Yule aliyevuka mto akicheka."

Akaendelea hivyo mpaka watu tisa, bila jina hata moja. Kila mmoja alipotajwa, mzee aliinamisha kichwa. Aliwajua wote.

Alipotoka alienda moja kwa moja kwa principal, akamwambia, "Huyu Mkamba aachwe. Ameuliza."

Nimejifunza kuuliza kabla ya kuandika ubaoni. Lakini wale walionyamaza sijawasamehe.

Nyinyi wakuu mngewasamehe? Semeni.