Foleni ya Mama Doreen

Doreen Tuckwell alimpangusa Sir Josiah Penhallow pua kwa miaka thelathini na sita, na Sir Josiah hakuwahi kumwambia asante. Ni kweli kwamba Sir Josiah alikuwa picha ya rangi kwenye ukuta wa bwalo la chuo, na mwenyewe alikufa zamani mno. Lakini maprofesa waliokula chini ya picha ile walikuwa hai, wenye meno na ulimi, na wao pia hawakumwambia.

Alizaliwa Cowley, upande wa Oxford usiochapishwa kwenye kadi za posta, baba yake akipachika milango ya magari kiwandani. Akiwa na miaka kumi na saba aliajiriwa Chuo cha Mtakatifu Aldhelm kusafisha vyumba vya wanafunzi kwenye sehemu ya jengo iitwayo Ngazi ya Sita. Kazi yake ilikuwa kuwaamsha, kumwaga taka zao na kujifanya hajaona. Aliwakuta mawaziri wa kesho wamelala ndani ya beseni la kuogea, viatu miguuni.

"Nikisikia mtu anahutubia redioni," aliniambia, "mimi nakumbuka mashuka yake."

Wakati wa likizo, vyumba vikiwa vitupu, wasafishaji walipelekwa bwaloni kufuta vumbi kwenye picha. Ndipo alipozoeana na Sir Josiah. Alichorwa amesimama kifua mbele, pembeni yake farasi, miguuni pake mbwa, na nyuma yake mwanamke mweusi amemshikia mwavuli. Chini ya picha kuna kibao cha shaba: Sir Josiah Penhallow, mfadhili wa chuo, pamoja na farasi wake Bosun na mbwa wake Trusty. Basi. Doreen alikisugua kibao kile miaka ishirini kabla hajamuuliza profesa mmoja aliyekuwa akinywa supu, "Samahani bwana, na huyu mama mwenye mwavuli ni nani?"

Profesa aliinua macho, akaitazama picha kana kwamba imetundikwa asubuhi ile. "Huyo? Huyo amewekwa kusawazisha upande wa kushoto," akasema, akarudi kwenye supu yake.

Alipostaafu walimpa zawadi ya saa ya kuamshia. Mwanamke aliyewaamsha watu miaka thelathini na sita!

Wakati huo mimi na wenzangu wachache, shahada mkononi na hasira zetu zikiwa bado mbichi, tulikuwa tumeanzisha matembezi ya Jumamosi. Tuliwazungusha watu mjini kwa miguu tukiwaonyesha yale ambayo waongozaji wengine huyaruka: mnara huu ulijengwa kwa sukari ya watumwa, maktaba ile kwa kodi ya Wahindi, sanamu hii ni ya mwizi. Mwenyekiti wetu alikuwa Imogen Farquhar, msichana mwenye akili kali na sentensi ndefu. Siku moja Doreen alilipa kama watu wengine, akatufuata mwavuli kwapani. Tulipofika ukuta wa Mtakatifu Aldhelm, Imogen alinyoosha kidole juu na kueleza jinsi dirisha lile la mawe ya kuchongwa lilivyobeba majivuno yote ya dola.

"Samahani, mwanangu," Doreen akasema. "Lile ni la choo."

Watu wakacheka, na Imogen, tumpe haki yake, akacheka nao. Mwezi uliofuata tulimpa Doreen matembezi yake mwenyewe, mji ukielezwa na mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Tatizo likawa watu. Jumamosi ya kwanza walikuja wanne. Ya pili wakaja sita, wawili kati yao wakitafuta kituo cha basi. Kamati ikakaa. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi ya tatu wasipopatikana watembezi kumi, kwa sahihi zao daftarini, nafasi ile atapewa bwana mmoja mtaalamu wa mifereji ya kale.

Nilimpelekea habari nyumbani kwake. Alinimiminia chai, akasukuma sahani ya biskuti upande wangu.

"Miaka thelathini na sita nilinyamaza," akasema. "Sasa ndiyo kwanza nimefungua mdomo. Mnataka niufunge tena?"

Nilikula biskuti.

Jumamosi yenyewe mvua iliamka mapema kuliko sisi. Saa nne kasoro dakika kumi tulikuwa ukutani kwa Mtakatifu Aldhelm, Imogen na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, na watembezi watatu: mume na mke kutoka Leeds waliovaa makoti ya sare, na mzee Cuthbert Yelland, daktari wa meno mstaafu.

"Tuwasubiri wengine kidogo," Doreen akasema. "Simameni mmoja nyuma ya mwingine, wapenzi, ubavuni mwa ukuta. Tusiwazibie njia wenye vigari vya watoto."

Wakasimama. Baada ya dakika moja akaja mama mwenye kikapu cha sokoni, majani ya vitunguu yakichungulia nje. Akawatazama, akaitazama saa yake, akasimama nyuma ya mzee Yelland. Doreen akamtabasamia. Wakaja vijana wawili, nao wakasimama. Akaja tarishi asiye zamuni. Akaja mama na binti yake.

Kwetu mtu akikuta foleni hupaza sauti toka mbali: "Jamani, hapa wanagawa nini?" Mwingereza hawezi. Akiona watu wanne wamepangana mvuani, anajua kuna jambo la maana mbele, na kuuliza ni kukiri hadharani kwamba wewe peke yako hukuambiwa. Hujiunga kwanza. Mengine atayajua akifika.

Kufikia saa nne na dakika tano foleni ilikuwa imepita kona. Nilitembea kando yake nikiwasikiliza.

"Imesogea?"

"Bado."

"Wiki iliyopita ilikuwa mbaya zaidi," akasema tarishi.

"Nasikia wanafungua saa nne na nusu," akadakia mama wa kikapu.

"Hivi ndivyo wanavyotufanyia kila mwaka," akanung'unika bwana mmoja mwenye baiskeli, na watu watano wakatikisa vichwa kwa uchungu.

Ndipo mlango mdogo wa chuo ulipofunguka, akatoka Leonard Huckvale, mkuu wa mabawabu, kofia yake nyeusi ya duara kichwani. Alifanya kazi na Doreen miaka mingi bila kumpenda hata wiki moja. Ni yeye aliyetuzuia kuingiza watembezi uani, akidai watakanyaga majani yasiyokanyagwa ila na maprofesa. Aliitazama foleni kutoka mwanzo hadi ilikopotelea, akamwendea mama wa kikapu.

"Mama, hapa kuna nini?"

"Samahani sana," mama akasema, "mwisho wa foleni uko kule."

"Sijaja kupanga foleni. Mimi ni bawabu mkuu wa chuo hiki!"

"Hata ungekuwa mfalme, mpenzi. Sote tumelowa hapa."

Nyuma yake watu wakaanza kukohoa kikohozi kile kidogo, ambacho katika nchi hii huua. Huckvale akawa mwekundu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu, naapa, akainamisha kichwa na kwenda kusimama mwisho, nyuma ya mtu wa thelathini na mmoja.

Nilimkimbilia Doreen. "Mama, tumepona! Nipitishe daftari sasa hivi, watasaini tu. Hawa ukiwapa karatasi wanasaini."

"Kimsingi ni wahudhuriaji," Imogen akaongeza kwa sauti ndogo.

Doreen alinitazama kama alivyowatazama wale wa ndani ya beseni.

"Sir Josiah naye alipata kwenye visiwa vya sukari ardhi ya watu waliotia alama wasijue wanatia alama kwenye nini," akasema. "Hadithi yenyewe ninayoisimulia ni hiyo. Halafu na mimi nifanye hivyo hivyo?"

Nilitamani ukuta unimeze. Mimi, mwenye hotuba zote zile juu ya haki, nilikuwa nimekamatwa nikiiba sahihi.

Akapanda jiwe la mlangoni. "Mabibi na mabwana! Samahani kwa usumbufu. Foleni hii haiendi popote. Mbele hakuna kinachouzwa wala kinachogawiwa. Mimi ni Doreen, nilisafisha vyumba humu ndani, na nataka kuwatembeza na kuwasimulia nani alilipia mawe haya. Asiyetaka aende tu, hakuna ubaya."

Hakuna aliyetikisika. Mvua ilisikika ikigonga miavuli.

"Hakuna kitu kabisa?" bwana mmoja akauliza.

"Kuna hadithi."

Hapo bibi mmoja wa katikati akajitoa, akimwomba radhi kila mtu aliyempita, na wengine wakawa wamefunguliwa njia. Waliondoka wawili wawili, wakiombana samahani kwa kuondoka. Walibaki tisa. Mume na mke wa Leeds, mzee Yelland, vijana wawili, tarishi, mama na binti yake, na mama wa kikapu, aliyesema, "Nimesimama dakika ishirini. Siachi nafasi yangu." Huckvale naye alikuwa bado mwisho kabisa, peke yake, maji yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Tulidhani anavizia atufukuze.

Doreen akatembea nao kando ya ukuta hadi mkabala na mnara. Akaeleza mashamba mawili ya miwa kule Barbados, na jinsi utumwa ulipofutwa serikali ilivyomlipa fidia mjukuu wa Sir Josiah, si wale waliokata miwa. "Mnara ule una madirisha kumi na manne," akasema. "Nimeyafuta yote. Kila moja lina jina la mfadhili. La mkata miwa sijaliona." Kisha akatoa nakala ya ile picha, imefunikwa nailoni, akaiinua juu.

"Huyu ni Sir Josiah. Farasi huyu ni Trusty, na mbwa huyu ni Bosun."

"Umekosea!"

Sote tukageuka. Huckvale alikuwa amenyoosha kidole.

"Bosun ni farasi," akasema. "Mbwa ni Trusty. Miaka yote ile, Doreen, hata hilo hukulishika?"

"Ahaa. Kumbe mbwa ni Trusty," Doreen akasema polepole. "Umepita chini ya picha hii miaka mingapi, Leonard?"

"Ishirini na tisa."

"Na huyu mwenye mwavuli? Anaitwa nani?"

Huckvale akavua kofia, mvua ikampiga kwenye upara.

"Sijawahi kuuliza," akasema.

Kibao kile Doreen amekisugua mara nyingi kuliko alivyosugua meno yake. Mpaka leo sijui kama alikosea kweli, na nikimuuliza ananisogezea biskuti.

Matembezi yalipomalizika sokoni, Imogen alitoa daftari chini ya paa. Wakasaini. Akahesabu, akahesabu tena kutoka chini kwenda juu, kana kwamba upande ule ungekuwa na huruma zaidi.

"Tisa," akasema, na kwa mara ya kwanza sentensi yake ilikuwa fupi. "Mama Doreen, pole sana. Kanuni tuliitunga wenyewe."

Doreen akatikisa kichwa, akaanza kukunja mwavuli wake taratibu, mbavu moja baada ya nyingine.

"Lete hilo daftari," sauti ya kiume ikasema nyuma yetu.

Huckvale alikuwa ametufuata mpaka sokoni, hatua kumi nyuma, kama mtu anayepita zake. Akatoa kalamu mfuko wa ndani. Akaandika jina lake kamili kwa hati ya bawabu, na pembeni: Kuingia, saa nne na dakika kumi.

"Mmetutembeza dakika arobaini kwenye mvua," akamwambia Imogen kwa ukali, "na kila siku mimi ndiye ninayewaandika wengine kwenye kitabu cha lango. Leo niandikwe na mimi." Akamgeukia Doreen. "Majani yenyewe hamkanyagi. Hilo halijabadilika."

"Nani anayataka majani yako, Leonard?"

Hivyo Doreen akabaki na Jumamosi yake, na yule bwana wa mifereji anaisubiri mpaka leo.

Jumatatu yake, chini ya kibao cha shaba bwaloni, ilikutwa karatasi ndogo iliyoandikwa kwa hati ya bawabu: Mwanamke mwenye mwavuli, jina lake halijaulizwa. Jumanne mhasibu wa chuo akaibandua. Jumatano ilikuwepo tena. Alhamisi akaibandua, Ijumaa ikarudi. Mhasibu ameagiza bwalo lifungwe kila jioni kwa funguo mbili, na funguo zote mbili, kwa kanuni za chuo, hukaa kwa bawabu mkuu.