Kanda za Kwaya na Shamba la Mtama

Sauti ya mama yangu ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kanda ya kwaya ya usharika wetu, Ihanda. Aliimba sauti ya pili, na katika wimbo wa tatu alipewa ubeti mzima peke yake. Alipofariki, baba akawa anausikiliza ubeti ule kila Jumapili tukitoka ibadani, kwenye redio yake kubwa yenye spika zinazofika kiunoni. Kisha deki ikaanza kutafuna kanda. Fundi akasema vipuri hakuna tena, na baba akaacha kabisa kuiwasha.

Mimi nina kiherehere, nakiri. Nikanunua kidude cha kupokea muziki kutoka kwenye simu, nikaichomoa deki nyuma ya amplifaya, nikakichomeka kidude kwenye matundu yale yale. Simu yangu ya pili nikamwachia baba. Spika zikanguruma. Kwaya za Bukoba, za Dodoma, za Kongo! Baba alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

"Na kwaya yetu imo?" akauliza.

"Tata, humu kila kitu kimo," nikamjibu. Wala sikuwa nimetafuta. Bodaboda ya kunirudisha Kayanga ilikuwa inapiga honi nje.

Niliporudi baada ya wiki tatu, nilikuta shamba la mtama la jirani linametameta. Utepe wa kanda ulikuwa umefungwa kijiti hadi kijiti, unavuma kwa upepo, na ndege hawasogei. Nikaingia ndani mbio.

"Shikamoo, tata. Kanda ziko wapi?"

"Marahaba. Nimempa jirani, ndege walikuwa wanammaliza. Si ulisema zimo humo?" Akanipa simu. "Haya, niwekee ya mama yako. Mimi nimebonyeza mpaka nimechoka."

Jamani! Nilitafuta mpaka bando likakata. Niliandika jina la usharika, nikaandika wimbo kwa Kinyambo, nikaandika kwa Kiswahili. Wapi! Waimbaji wenzake mama waliobaki niliwafuata mmoja mmoja hadi Bweranyange, na kila mmoja alidhani mwenzake anayo kanda ile. Jirani, maskini, alipojua alilia kuliko mimi. Tuliukusanya utepe kwenye mfuko, umekatikakatika, umepauka kwa jua, kanda zote kumi na mbili za baba, ya mama ikiwemo, zimekuwa fundo moja. Fundi aliutazama, akanirudishia mfuko wangu.

Baba sikumweleza. Nilimwambia mtandao unasumbua, na yeye, kwa kuwa ananiamini, akasema atasubiri.

Mchana mmoja nilikuwa namenya ndizi mlangoni, yeye yuko kwenye kiti chake, simu inajichagulia nyimbo yenyewe. Ikaingia kwaya ya mbali nisiyoijua, na mwanamke mmoja akaimba peke yake. Baba akanyanyua mkono.

"Huyo! Nyamaza, msikilize. Mama yako huyo."

Hakuwa yeye. Hata lafudhi haikuwa ya kwetu.

"Ndiye, tata," nikasema.

Sasa kila nikija anamtaka huyo huyo. Namwekea, analia, ananishukuru, nami najichukia. Juzi nikiwa peke yangu nilifumba macho nijaribu kuikumbuka sauti ya mama, walau mstari mmoja wa ubeti wake. Iliyonijia ni ya yule mwanamke.