Unga Mwekundu na Njano

Asubuhi ile mume wangu Kalenga alikuwa akilalamika kwamba sombe, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi, na sahani yake alikuwa ameimaliza ikabaki nyeupe. Ndivyo alivyokuwa, analalamika huku anakula. Watoto walikuwa Fungurume kwa wifi yangu Mado, ambaye ni muuguzi. Sisi wawili tulikuwa nyumbani Kolwezi, kando ya njia inayokwenda kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba.

Kabla ya adhuhuri askari na watu wenye bunduki walianza kupigana barabarani. Kalenga alitoka kufunga geti. Risasi ilimchana paja.

Nikamburuta ndani.

Siku nne hatukutoka.

Simu ilikuwa na chaji kidogo. Nilimpigia Mado, naye alisema polepole, kama anayemsomesha mtoto:

“Sukula kidonda na mayi ya kuchemusha, mingi, kila siku. Usitie unga ya dawa. Usikiache kikauke, funika na kitambaa ya safi.”

Simu ikazimika. Bomba lilikuwa kavu, na ndani tulikuwa na ndoo moja tu ya maji, ya kunywa na ya kuoshea kidonda.

“Tutakunywa nini kama hawa batu habatoke?” Kalenga aliuliza. “Tia ile ya rangi mbili, mama.”

Kwetu kila nyumba ina vidonge hivyo, vyekundu na njano. Unavipasua, unamwaga unga kwenye kidonda. Mama yangu alifanya hivyo, na sisi sote tulipona. Nilipasua sita, maji tukayaacha ya kunywa.

Kesho yake kidonda kilikuwa na gamba gumu, kimekauka kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimtania Kalenga kwamba sasa atafute kisingizio kingine cha kulala.

Siku ya tatu paja lilikuwa la moto.

Risasi zilikuwa bado zinapita. Nilikaa nimemshika mkono, nikinusa harufu iliyotoka chini ya gamba, na mlango ulikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu.

Zilipotulia, majirani walimbeba hadi hospitali. Muuguzi wa pale alililowesha gamba, akaliinua. Usaha ulimwagika.

“Kidonda inaponaka toka chini, mama,” alisema bila ukali. “Mulifunga juu, buchafu ikabakia mu ndani.”

Walikata nyama iliyokufa, wakakiacha wazi, wakakifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Lakini ugonjwa ulikwisha kuingia kwenye damu. Kalenga alikufa siku ya pili palepale hospitali.

Msibani watu walisema risasi imemuua. Niliwaacha waseme. Watoto nao nimewaambia hivyo. Mado ndiye aliyemwosha kaka yake, na paja aliliona. Miaka imepita, hajaniuliza. Kila akija kunitembelea, ninamwogopa.