Mate ya Kalonji Mezani kwa Wakwe

Aibu nimezipata nyingi tangu nifike Sydney, lakini hii ya St Marys naisimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana nilijitafutia mwenyewe na sina wa kumsingizia. Shule niliishia darasa la nne, ila karakana ya kutengeneza mapaleti, majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, kule Wetherill Park ni yangu, na nyumba ya Seven Hills ni yangu, zote kwa mikono hii. Kwa hiyo sikuzoea kumwambia mtu kwamba kuna kitu nakiogopa.

Binti yangu Neema alichumbiwa na kijana wa Kizungu, Ben, kijana mzuri tu, sina neno naye. Tabu ilikuwa kwa baba yake, mkwe wangu Roy, ambaye amestaafu na kazi yake siku hizi ni kumtafuta babu wa mababu zao aitwaye Ezekieli, seremala, aliyefika Amerika zamani zile kabla haijawa nchi, halafu kitukuu wake mmoja ndiye akapanda meli kuja huku kufuata dhahabu. Roy amemchora Ezekieli juu kabisa ya karatasi ndefu kama mkeka, na chini yake watu wametambaa kama mizizi ya muhogo. Akasema wajukuu wetu watakaozaliwa wawe na pande zote mbili, Ezekieli huku na sisi kule, akatununulia vichupa vya kutemea mate ya kupima DNA, kimoja changu, kimoja cha Mama Neema, kimoja cha Neema.

Hapo ndipo nilipokwama. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akifukia hata kucha zetu, leo niyatie mate yangu kwenye chupa niyapeleke posta kwa watu nisiowajua? (Nyinyi chekeni, ila najua na nyinyi mnaogopa.) Kusema hivyo mbele ya wakwe nikaona haya. Nikaenda na kichupa changu kazini nikampa Kalonji, Mkongo anayenipigia misumari mwaka wa kumi sasa.

"Papa, ni mate tu?" akauliza. "Leta. Mimi mate niko nayo mingi."

Akatema, nikafunga, nikatuma, nikasahau.

Wiki kadhaa baadaye tukaitwa chakula cha mchana kwa Roy, kule St Marys, ndugu zake wamejaa, nyama inachomwa uani, sisi tumevaa kama tunakwenda kanisani. Yeye ndiye mwenye kufungua majibu na alikuwa ameapa hatayaangalia mpaka tukae wote, basi akawasha televisheni kubwa, Ezekieli akatokea juu, watu wakapiga makofi, akashuka naye taratibu mpaka kwa Ben. Kisha akabonyeza upande wetu. Neema akatokea. Mama yake akatokea, mstari ukawaunganisha. Mimi nikakaa pembeni peke yangu kama paleti lililovunjika, sina mstari.

Roy akabonyeza tena. Akabonyeza tena. "Labda ni mtandao," akasema, na masikio yamemwiva. Shangazi yake Ben, ambaye hajui kunyamaza, akasoma kwa sauti kwamba mimi na Neema hatuna undugu.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana aibu yenyewe ndiyo hiyo. Nilimgeukia mke wangu nikamtazama. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na kichwa changu, badala ya kwenda kwa Kalonji, kikaenda kwanza kwenye mwaka ule wa kabla Neema hajazaliwa, niliofanya kazi mbali na nyumbani. Ilikuwa pumzi moja tu, pengine mbili. Yeye alikuwa ameshika sahani ya saladi, akayaona macho yangu, akaiweka sahani chini polepole.

Neema, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, siku hiyo akasema kwa Kiswahili, "Baba, sema kitu."

Ndipo Kalonji akanijia akilini. Kiingereza changu, ambacho kinatosha kugombana na madereva wa malori, kikanikimbia. Nikasimama mbele ya Ezekieli na kizazi chake chote nikasema yale si mate yangu, ni ya fundi wangu, mimi niliogopa. Kisha mtu akacheka, wakacheka wote, Roy akajifuta machozi, akaniambia amehangaika miaka na mtu wa Amerika, lakini hajawahi kumpoteza mtu aliyekaa naye mezani. Nami nikacheka nao, nikidhani yameisha.

Mke wangu hakucheka. Njia nzima ya kurudi aliangalia dirishani. Tulipofika, kabla hajavua viatu, akasema, "Ulijua mate si yako. Uliniangalia vile kwa nini, Baba Neema?"

Mimi nikainama, nikafungua kamba za viatu vyangu.

Nikamwomba Roy kichupa kingine, nikatema mwenyewe mbele yake, na majibu yakarudi na mstari umenyooka kutoka kwangu mpaka kwa Neema. Nikampelekea karatasi ya majibu jikoni, kwa majivuno kidogo. Hakuipokea, mikono ilikuwa na unga.

"Kaa nayo," akasema. "Mimi sikuwa naihitaji."

Ninayo kwenye pochi, nyuma ya leseni ya gari. Harusi ni mwezi ujao, na Roy ameshaichapisha ile karatasi yake, Ezekieli huku na sisi kule. Mimi nimejiapiza kwamba hakuna tena mtu wa kunitemea mate, na macho haya, siku yakitaka kumgeukia Mama Neema kwa namna ile, niyafumbe kwanza.