Nyumba ya Buloni

Katika vita ile iliyotoa watu katika muji wa Kiwanja, nyumba moja tu ilibomoka katika avenyu yetu hapa Goma. Haikupigwa na bombe wala haikuchomwa. Ilibomolewa na mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na akili zake zote. Mwenyewe ni mimi. Naandika sasa kwa sababu watu wanaisimulia vibaya, na mimi nikiwa mwenye aibu, ni haki yangu kuisimulia vizuri.

Shule sikuimaliza. Primeri nilifika mwaka wa tatu, basi. Lakini mbao nazijua. Nilishuka kutoka upande wa Butembo na koti moja, nikaanza kwa kubeba mbao za wengine kichwani pale Birere, nikamaliza na depo yangu ya kuuzia mbao. Hakuna aliyenishika mukono. Nawaambia hivyo mujue nilivyokuwa najisikia: mutu aliyejitengeneza mwenyewe, na aliyemupa Mungu ruhusa ya kusimama pembeni na kuangalia.

Nyumba yangu ya kwanza ilimezwa na volkano. Mimi na bibi yangu niliyemuoa, pamoja na watoto, tulisimama mbali, tukaona moto unaingia kwa mulango wa mbele kama mugeni aliyealikwa. Siku ile niliapa: nyumba ya pili haitafia mahali ilipo. Nikaijenga kwa buloni, zile bolti nene za kukazwa kwa nati. Musumari hata mumoja sikutia. Kila mbao ilishikwa na buloni zake, kila mbao na namba yake niliyoiandika kwa chaki upande wa ndani. Vita ikija, nafungua, napanga mbao ndani ya kamio, lori kubwa, naenda kusimamisha nyumba pengine. Ufunguo wa kufungulia buloni, spana namba dis-set, yaani kumi na saba, niliutia kamba nikauvaa shingoni, pamoja na rozari.

Mafundi wa Birere walikuja kutazama wakatikisa kichwa kwa heshima. Nilivimba. Bibi yangu yeye hakuvimba. Kila kamio ikipita barabarani, kila ardhi ikitikisika kidogo, kuta zilikuwa zinapiga meno: ka-ka-ka-ka.

"Papa, nimechoka kulala ndani ya kitu kinachotaka kuondoka."

"Mama, hii inaitwa akili."

"Sawa, ni akili. Na imani yako inaitwaje?"

Swali hilo nililiona la kike tu. Mimi nilikuwa mukubwa wa shirika letu, ile jamaa ya wakristo wa kartie, wa mutaa wetu, inayokutana kila juma nyumbani kwa mumoja. Nilipenda kuomba, na niliomba kama kapita anayegawa kazi asubuhi: Bwana, wewe utafanya hiki, kile usikisahau, na hapa acha, hapa nitafanya mwenyewe. Tukifika kwa lile neno la nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, nilikuwa napiga kisigino chini. "Wandugu! Hapa Goma ni mwamba mutupu, hata choo tunachimba kwa shida! Sisi tutaogopa nini?" Kisha nikiinama kwa sala ya mwisho, ufunguo ulikuwa unagonga benchi, ngaa, na watoto wanacheka.

Vita ilipofika Kiwanja, dada mukubwa wa bibi yangu alitufikia kwa miguu, na wajukuu watatu na sufuria moja. Ni mama mwembamba, wa maneno machache, lakini machache hayo yanauma. Tulimupa chumba cha nyuma. Hata maji hajamaliza kunywa, akaona shingo yangu.

"Shemeji, huo ni musalaba wa kanisa gani?"

"Si musalaba. Ni ufunguo."

"Mulango gani unataka ufunguo mukubwa hivyo?"

"Si wa mulango. Wa nyumba yote."

Nikamueleza kwa furaha. Alizunguka nyumba polepole, anagusa buloni moja moja, kisha akarudi kukaa.

"Mimi nilikimbia, nyumba ikabaki," akasema. "Wewe shemeji, nyumba itakimbia, wewe utabaki."

Bibi yangu alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukapiga meno.

Mama yule aliomba kila asubuhi akiwa amesimama kwa mulango, kabla ya kushika ufagio. "Baba, leo nayo ni yako." Ni hiyo tu, halafu anafagia. Nilimuhurumia. Nikamukalisha, mimi wa mwaka wa tatu primeri, nikamufundisha kwamba sala ina mwanzo wake, ina katikati yenye maombi yote kwa majina, na ina mwisho. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kesho yake: "Baba, leo nayo ni yako," na ufagio.

Jumapili moja nilitoa ushuhuda mbele ya shirika lote. Nilisema hata bombe zikilia juu ya kichwa changu, mimi sitatikisika. Nililisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu hawakupiga makofi sana.

Jumatatu asubuhi bombe zikalia, upande wa kaskazini, kwa barabara ya Rutshuru. Watu wakaanza kupita na magodoro kichwani. Bibi yangu akasema tufunge mulango, tukae ndani, tuombe. Dada yake akasema, "Mimi siendi tena. Miguu imeisha. Nitakaa chini ya paa hili na hawa watoto, Mungu atanikuta hapa."

Mimi nilikuwa nimeshapigia simu shofere wa kamio. "Niko njiani, muzee, nusu saa!" Rafiki yangu alikuwa na kiwanja kitupu kule Lac Vert, kwa njia ya Sake. Nikapanda juu ya paa na ufunguo.

Sijawahi kufanya kazi vizuri kama siku ile. Buloni zilikuwa zinatoka kama zimetiwa mafuta. Moyoni nilikuwa nasema: Bwana, wewe shikilia bombe kidogo, mimi nishughulikie mbao. Kufika saa sita mabati yote yalikuwa chini na kuta tatu zimelala. Chumba cha nyuma kilibaki na ukuta mumoja, na ndani yake, juu ya kiti, dada ya bibi yangu alikuwa anachagua maharagi kana kwamba hakuna kitu.

Jirani alipita anavuta mbuzi. Akasimama.

"Muzee! Bombe imekupiga?"

"Hapana."

"Sasa ni nani alikufanyia hivi?"

 Akaangalia ufunguo mukononi mwangu, akaangalia mbao, akasema "Aaa," akavuta mbuzi wake akaenda.

Kamio haikuja. Shofere alizima simu. Baadaye nilijua kwamba wakati ananiambia nusu saa alikuwa tayari kwenye mupaka na familia yake. Milio ilisogea karibu sana, kisha mchana ule ule ikanyamaza. Muji ulikuwa umebadilisha wakubwa: wenye bunduki wengine ndio sasa wanatawala. Katika avenyu yetu hakuna hata kioo kilichovunjika.

Ndipo mvua ikaanguka.

Mujue kwamba namba zangu zilikuwa za chaki. Rangi niliionea uchoyo, nikasema upande wa ndani mvua itafikaje? Sasa ndani hapakuwa na ndani. Chaki ilitiririka juu ya yale mawe meusi ya volkano kama maziwa. Lakini si hiyo iliyonivunja. Mujukuu mudogo kabisa, yule aliyetoka Kiwanja mugongoni mwa dada ya bibi yangu, alianza kutetemeka na kukohoa. Walikuwa wanne, wajukuu na mama yule, chini ya bati moja waliloshika kwa mikono. Vita ilimutoa mutoto yule kwao, ndiyo. Lakini paa alilokuwa nalo asubuhi, si vita iliyolitoa.

Nilitaka kuomba. Nilitafuta kazi ya kumupa Mungu, sikuona. Kazi yote nilikuwa nimeshaifanya. Nilisimama pale, maji yananitoka kwa kidevu, nikasema, "Baba, nimebomoa." Baada ya hapo maneno yalikwisha, mimi mwenye sala za nusu saa.

Dada ya bibi yangu alinisikia. "Hiyo sasa ni sala," akasema. "Shika bati upande huu."

Tukaegemeza mabati kwenye ukuta uliobaki, tukayabana kwa mawe, tukaingia chini yake wote, mimi nikiwa upande wa mvua. Sikuwahi kukaa karibu na watu wangu namna ile. Na nitasema neno ambalo mutu wa mbao hasemi: hata Mungu sikuwahi kumusikia karibu namna ile. Kwa miaka yote nilikuwa namusemesha kwa mbali, kama mutu ambaye anapita na kazi zake.

Kesho yake wenzangu wa shirika walirudi mumoja mumoja.

"Mukubwa wetu, mwamba tunauona. Nyumba je?"

"Alisema hatatikisika! Na kweli, yeye hakutikisika, alitikisa!"

Walicheka, halafu wakaleta misumari. Kila mutu alileta ya kwake, mingine iliyopinda, tukainyoosha juu ya jiwe. Bila namba, hakuna aliyejua mbao gani inaenda wapi. Dirisha lilitoka chini kuliko lilivyokuwa, na mulango sasa unafunguka kuelekea choo. Nilitaka kuacha ukubwa wa shirika, wakakataa. "Bakia, muzee. Sasa utaomba kifupi." Mutoto alipona kikohozi siku chache baadaye, akawa wa kwanza kunicheka kwa ajili ya mulango.

Ufunguo bibi yangu aliuchukua, akauning'iniza jikoni pamoja na miiko. Anautumia kuinulia kifuniko cha sufuria ya moto. Mimi nilibaki na rozari tu, na kwa muda mrefu nilikuwa najikuna kifuani natafuta ule uzito.

Wale wageni wetu walirudi kwao zamani. Vita haikurudi kwake. Mara ya mwisho milio ilitoka upande wa Sake, juu ya Lac Vert, kule kule nilikotaka kupeleka nyumba. Nilisimama, na mukono ukaenda shingoni wenyewe.

"Mama, ule ufunguo uko wapi?"

"Uko juu ya sufuria, papa. Nikuletee?"

Sisemi kukimbia ni zambi. Mutu anayekimbia na mutoto mugongoni, Mungu anakimbia naye. Nilimuona huyo kwa macho yangu, alilala katika chumba changu cha nyuma. Lakini mimi nilijijua. Mimi sikuwa nakimbiza watoto. Nilikuwa nakimbiza mbao.

"Acha," nikasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Nikakaa kwenye benchi, nikaegemea ukuta wa misumari, nikasema, "Baba, leo nayo ni yako." Bibi yangu akaleta chai, akakaa karibu yangu. Bombe zikalia tena. Ukuta haukupiga meno. Yaliyopiga ni ya kwangu.