Shangazi Aliyegeukia Ukuta

Kila asubuhi, kabla hajaitikia salamu ya mtu, Shangazi alitoa uzi kwenye kila cherehani iliyoletwa, akazungusha gurudumu na kusikiliza. Ukimwamkia wakati huo, salamu yako ilikaa foleni.

Miaka thelathini alitengeneza cherehani katika chumba kile chenye dirisha lisilofungika. Majirani walisema mdomo wake ni wa kulia chakula tu. Sasa magoti yake yalikuwa yamechoka, na mkwewe alishapima kuta kwa futi kamba, apafanye duka la vioo. Shangazi akamwambia, "Mpwa wangu akitengeneza cherehani moja peke yake kabla mwezi haujaisha, chumba ni chake. Akishindwa, lete vioo vyako."

Mpwa, mama wa watoto wawili, kabla ya kuja kwa Shangazi alikuwa amefundishwa na fundi mwenye domo kama spika. Majina ya vifaa aliyajua yote. Kutengeneza ndiko kulikomshinda.

Zikiwa zimebaki siku mbili, mshona sare akaleta cherehani inayoruka mishono.

"Dada, ni uzi huo, umekazwa mno," akasema hata hajaitua.

Mpwa akalegeza uzi. Ikaruka. Akakaza. Ikaruka. Akabadilisha sindano, ndiyo kwanza ikazidi. Kila akishika skrubu alimtazama Shangazi usoni, maana alishagundua kwamba nyusi zake hutoa majibu.

Shangazi akageuza stuli, akatazama ukuta.

"Shangazi jamani! Hata jicho unaninyima?"

Shangazi akasogeza stuli karibu zaidi na ukuta.

"Mimi nadhani ni mafuta," mshona sare akaanza tena, "au mkanda, maana juzi..."

"Dada yangu, hebu upumzishe mdomo dakika moja tu."

Mpwa akatoa uzi, akazungusha gurudumu taratibu. Sindano iliposhuka, chini ya kibao kitu kikagonga: tik. Kiligonga tangu mwanzo, ila maneno yao yalikifunika. Akafungua ubavuni. Skrubu ya fimbo ya sindano ilikuwa imelegea, sindano inashuka kupita kiasi. Akaipandisha fimbo unene wa ukucha, akakaza, akashona kitambaa mpaka mwisho. Mishono ikajipanga kama punje za mahindi.

Shangazi akainuka, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, mara moja tu, akachukua mkoba wake msumarini.

"Mwambieni mkwe wangu vioo avitafutie pengine."

Akatoka, akavuka barabara, akakata kona penye duka la viatu. Chumbani mle hakukanyaga tena.