Dada Riziki na Hadithi Zake za Chumba cha Kufulia

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Scarborough, huko Kanada, kabla kila mtoto hajapewa simu yake, tukikutana leo hatuna haja ya kuelezana mengi. Mtu akitaja tu chumba cha kufulia, wote tunacheka, na pua zinakumbuka zenyewe: sabuni ya unga, joto la mashine za kukaushia, soksi zilizolowa theluji, na vitumbua alivyoleta mama wa mtu, vimefungwa kwenye taulo visipoe.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Mama zetu, ambao wiki nzima walishinda viwandani au wakiwahudumia wazee wa watu, walishuka na mabeseni ya nguo hadi chini kabisa ya jengo, nasi tukashushwa nao ili tusibaki juu tukivunja vyombo. Tulicheza kombolela katikati ya mashine, na rede kwa soksi zilizoviringishwa. Tukichoka humo tulitoka nje kuteleza kwenye theluji juu ya boksi la friji. Siku hizi mwanangu ananitumia ujumbe kutoka chumbani kwake kuuliza kama chakula kimeiva. Sisi tuliitwa kwa sauti iliyoteremka ngazi zote, jengo zima likajua kwa nani leo kuna pilau.

Aliyeweza kututuliza alikuwa mtu mmoja tu, Dada Riziki. Alikuwa na miaka kama kumi na mitano hivi, mrefu, mwembamba, ametoka Bukavu, Kongo, na wazazi wake. Shuleni walicheka Kiingereza chake, wakamweka darasa moja na watoto aliowapita kimo. Yeye akajiendea zake maktaba. Alianza na vitabu vya picha, akahamia kwenye riwaya nene, na kila Jumamosi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa akatusimulia alichosoma.

"Batoto, mukae chini," alisema.

"Batoto!" mama yangu alinong'ona akicheka. Yeye ni mtu wa Tabora, na Kiswahili cha Bukavu kilimchekesha sana. Lakini niliona jinsi mikono yake ilivyopunguza kasi ya kukunja nguo ili asikie vizuri.

Riwaya alizozipenda Dada Riziki zilifanana kama ndugu. Kulikuwa na mtoto aliyebaguliwa kwa rangi yake, au kwa mguu wake uliolemaa, au kwa kazi ya baba yake, kisha ikafika siku ambayo lazima akimbie au asimame. Hakutuchosha na mafunzo. Alituuliza tu, "Nani hapa aliogopa?" Sisi tulitaja haraka haraka yule aliyeonewa. Yeye akatikisa kichwa. "Na hawa banaomucheka? Munaona hawaogopi?" Tukakaa kimya tukifikiri, jambo ambalo walimu wetu hawakuwahi kuliona.

Kisha majira fulani ya baridi akaanza hadithi ambayo haikutoka maktaba. Aliitunga mwenyewe. Ilihusu msichana aitwaye Sifa, aliyekaa na mama yake pembeni kabisa ya kijiji. Hakuna mtu aliyekubali kupokea maji kutoka mkononi mwake.

"Kwa nini?" tulipiga kelele.

"Nitabaambia siku ya mwisho."

Siku moja Sifa akaona moto unateremka kilimani kuelekea kijijini. Akakimbia kugonga milango ya watu walewale wasiotaka hata kivuli chake. Wiki ile hawakufungua. Wiki iliyofuata hawakufungua. Tulikaribia kulia. Kwenye korido tuligombania kuwa Sifa, wavulana kwa wasichana, na rafiki yangu Musa aliwahi kunipiga teke kwa sababu nilimnyang'anya zamu.

Mtoto mmoja hakugombania. Alikuwa Neema, wa ghorofa ya pili, aliyekuja na mama yake kutoka Burundi. Neema alikuwa na kifafa, na mama zetu walituonya kwa sauti ya chini: msile naye, na akianguka msimguse, lile povu linaambukiza. Kwa hiyo alikaa karibu na mlango, akisikiliza akiwa mbali nasi, huku mama yake akifua kwenye mashine ya mwisho, ambayo wengine wote waliikwepa.

Jumamosi moja, Sifa akiwa kwenye mlango wa mwenye kijiji, Neema akaanguka.

Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Mwili wake ulikakamaa, kisha ukaanza kutetemeka sakafuni. Watoto tulipanda juu ya meza. Mama yangu alinivuta kifuani kwa nguvu hadi nikashindwa kupumua. Mama Musa alikuwa akipiga kelele, "Tokeni! Msimkaribie!" Mama Neema alikuwa amepanda juu kuchukua sabuni.

Dada Riziki alishuka kwenye beseni lake. Alivua sweta, akaliweka chini ya kichwa cha Neema, akamlaza ubavu. Mtu akasema atiwe kijiko mdomoni.

"Hapana," akajibu. "Balitufundisha ku masomo. Musimutie kitu. Mumupe hewa."

Akampangusa povu kwa mkono wake mtupu, akakaa naye sakafuni akimwita jina taratibu, mpaka macho ya Neema yakamtambua.

Juma lile jengo halikuwa na habari nyingine. Mama Musa alipita mlango kwa mlango akisema binti yule ameshaambukizwa, na kwamba hakuna mtoto wa kushuka tena kusikiliza hadithi. Mama yangu hakumpinga. Mimi nililia hadi nikalala.

Lakini nguo chafu hazingoji. Jumamosi tulishuka, watoto tumeambiwa tusimame nyuma ya mama zetu. Dada Riziki alikuwepo juu ya beseni lake, na Neema ameketi ubavuni mwake. Alitutazama, kisha akawatazama mama zetu, na nikaona magoti yake yanatetemeka.

"Bamama," alisema, "leo ni mwisho wa hadisi. Mutaniruhusu nimalize, kisha munifukuze."

Akamaliza. Mwenye kijiji alifungua mlango, watu wakatoka, kijiji kikapona. Na pale mbele ya wote, kwa uchovu wa kukimbia, Sifa akaanguka chini akitetemeka, maana Sifa alikuwa na kifafa.

Mashine ziliendelea kuzunguka. Musa alitokeza kichwa nyuma ya mama yake.

"Sasa walimkimbia tena?" akauliza.

"Sijui," Dada Riziki akasema. "Hapo sijatunga bado."

Mama yangu akamgeukia Dada Riziki. "Mwanangu, siku ile ulipomgusa huyu, hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Hata sasa niko naogopa. Lakini yeye aliogopa zaidi kunipita."

Mama alifungua mashine yetu. Akatoa shuka letu kubwa, lile ambalo mtu mmoja hawezi kulikunja, akapita mbele ya Mama Musa hadi kwenye mashine ya mwisho.

"Mama Neema," akasema, "nishikie huku."

Yule mama alitazama ncha ya shuka kana kwamba hakusikia vizuri. Akaishika. Wakarudi nyuma wakalinyoosha, wakasogeleana, mikono yao ikakutana katikati, wakarudia. Nami sijawahi kuona shuka likikunjwa polepole vile.

Sitasema kila mtu alibadilika siku hiyo. Mama Musa hakushuka kufua nasi mpaka majira ya kuchipua, na aliporudi hakuomba radhi, alileta maandazi tu, Neema akapewa la kwanza. Neema alipata dawa zilizomfaa, na leo ni mama wa watoto wawili. Dada Riziki anafundisha fasihi katika shule ya sekondari North York. Nimesoma riwaya nyingi tangu hapo, zimejaa mashujaa, na bado ninapowaza ushujaa namwona msichana mwenye magoti yanayotetemeka akiomba ruhusa ya kumaliza.

Sasa kila nyumba ina mashine yake ya kufulia. Watoto wetu wanasoma shuleni vitabu kuhusu ubaguzi, wanapata alama nzuri, wanajua maneno ambayo sisi hatukuyajua. Juzi nilimuuliza binti yangu jina la mtoto anayekaa mlango unaofuata. Hakutoa macho kwenye simu. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba hamjui. Nikavuta pumzi ili nimcheke, nimweleze jinsi sisi tulivyokuwa tukijuana jengo zima. Nikatafuta jina la mtoto yule nimwambie, na mimi pia sikulijua.